Sahihi ya Askofu

Ukungu wa asubuhi wa Newala haufai kwa karatasi kuukuu, kwa hiyo mwalimu mstaafu ninayesimulia habari zake hafungui sanduku lake la bati mpaka jua lipande. Hunawa kwa sabuni, akajikausha hadi katikati ya vidole, kisha hutandika shuka jeupe mezani. Miguu ya meza imesimama ndani ya makopo yenye mafuta ya taa, mchwa wasipande.

Anakusanya barua zenye sahihi za watu walioandika vitabu. Anazozithamini zaidi ni za Trevor Huddleston, Mwingereza aliyeandika *Naught for Your Comfort* mwaka 1956 kuhusu ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, kisha akawa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Karatasi za Huddleston zimehifadhiwa Oxford, katika Maktaba ya Bodleian. Lakini barua aliyoiandika mtu hukaa kwa aliyeandikiwa, na waliokuwa wakiandikiwa kutoka Masasi walikuwa wengi.

Mwalimu haanzi na barua. Anaanza na bahasha. Anaiinamia kwa kioo cha kukuzia, akafuata duara la muhuri wa posta herufi kwa herufi. Stempu yenye kichwa cha Malkia Elizabeth na majina ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, humpeleka kabla ya Uhuru. Yenye jina la Tanzania haiwezi kuwa ya kabla ya Oktoba 1964, jina hilo lilipoanza kutumika. Tarehe ya ndani ikipingana na stempu, barua inawekwa kando, hata kama inavutia namna gani.

Kisha anaingiza kipande cha kadi chini ya karatasi na kuiinua kwa kadi hiyo, bila kushika pembe. Anaielekeza dirishani, atafute alama ya kiwanda iliyofichika ndani ya karatasi. Ndipo anapofika kwenye sahihi.

Hapa ndipo ninapomstaajabia kuliko popote. Maaskofu wa Kianglikana hutanguliza msalaba mdogo, wakaandika jina la kwanza na jina la dayosisi. Frank Weston wa Unguja alitia sahihi Frank Zanzibar. Kwa desturi hiyo Huddleston alikuwa Trevor Masasi. Alipohamia London mwaka 1968 akawa Trevor Stepney, na kuanzia 1978 Trevor Mauritius. Jina la Masasi likawa sehemu ya jina lake kwa miaka minane.

"Mwalimu, mtu akiiga je?" nilimuuliza.

"Mwanangu, anayeiga anachora. Mwenye jina lake anaandika."

Akaniwekea kioo juu ya herufi T. Wino ulianza mzito, ukapungua pale mkono ulipoongeza kasi, ukakatika kwa ncha nyembamba kalamu ilipoinuka. Mstari wa mwigaji huwa na unene uleule mwanzo hadi mwisho, una mitetemo midogo, na kalamu husimama mahali ambapo mwenye jina asingesimama. Anazilinganisha barua mbili, tatu, nne. Sahihi zinazofanana kupita kiasi humtia shaka, kwa kuwa hakuna mtu anayeandika jina lake vilevile mara mbili.

Pini yenye kutu haivutwi. Huipitishia chini kipande chembamba cha plastiki, akaitikisa polepole mpaka kutu iachie. Selotepu hataki kuiona, maana gundi yake huzama na kuacha doa la kahawia. Penye mpasuko hutumia karatasi laini ya Kijapani yenye nyuzi ndefu. Haikati kwa mkasi. Huichana, ili nyuzi za ukingoni zishike. Gundi yake ni wanga wa ngano uliopikwa ukawa kama uji mwepesi, akaupaka kwa brashi ndogo. Juu anaweka karatasi ya kunyonya maji, kisha kitabu kizito, na siku hiyo haigusi tena.

Mwisho anaandika katika daftari la kaunta: nani kwa nani, lini, kwa mashine ya taipu au kwa mkono, imepatikana wapi. Anatumia penseli peke yake, kwa sababu wino ukimwagika mezani hausameheki.

Miswada ya Ernest Hemingway, aliyewinda Tanganyika na kuandika *Green Hills of Africa* mwaka 1935, inatunzwa Boston katika Maktaba ya John F. Kennedy. Ni vyema. Kwetu kazi hiyo inafanywa barazani na mzee mmoja, na naiona ya heshima ileile.

Ndugu yangu wa Masasi, Newala au Tandahimba, kabla ya kuchoma makaratasi ya marehemu babu, yatazame chini kabisa, penye sahihi. Ukikuta msalaba mdogo na jina la mji, usikunje upya, usitie selotepu. Iweke barua hiyo ndani ya bahasha safi, pakavu, mbali na jua, na uandike kwa penseli juu ya bahasha ilikuwa ya nani.