Faida Iko Kwenye Shati la Pili

Kiwanda cha nguo kilichopangika vizuri hushona shati la mikono mirefu kwa dakika 20 hadi 25 za kazi, ukijumlisha mikono yote iliyoligusa. Mmoja anaunga yoki ya mabegani, mwingine anageuza kola, wa tatu anatia vifungo kutwa nzima. Fundi wa Kariakoo anayekata, kushona na kupiga pasi mwenyewe, akitaka shati litoke sawasawa, huchukua siku nzima ya kazi, yaani karibu saa 8. Hata akikanyaga pedeli kwa kasi gani, pengo hilo halizibiki. Na nje ya fremu yake kuna marobota ya mitumba, ambamo shati zuri la pamba huuzwa kwa bei isiyotosha hata kununua kitambaa kipya.

Ukiitazama biashara hii kwa jicho la bei peke yake, ilipaswa kuwa imekufa zamani. Haijafa, kwa kuwa kuna kitu ambacho kiwanda hakikiwezi: bega la kushoto la mteja limeshuka kuliko la kulia, shingo yake ni nene kuliko kifua chake kinavyodai, tumbo limetangulia. Huyo havai shati la dukani akapendeza. Lakini mafundi wengi wanaomhudumia vizuri bado hawapati faida, na sababu yake naiona katika hatua moja tu ya kazi. Mteja huyohuyo anarudi mara ya tatu, ya nne, na kila akirudi anapimwa upya, kisha kitambaa kinachorwa kwa chaki na kukatwa moja kwa moja. Mazoea hayo yanaifanya kila kazi iwe ya mara ya kwanza, na shati la kwanza halina faida.

Tuanze na vipimo. Futi kamba inatoa urefu, haitoi umbo. Watu wawili wenye kifua cha sentimita 100 wanaweza kuwa na miili tofauti kabisa: mmoja nyama yake iko mgongoni, mwingine iko mbele. Namba ni ileile, lakini shati la wa kwanza likivaliwa na wa pili litavutwa mbele na pindo litainuka juu ya kitovu. Fundi mzuri huandika vipimo vyake vya kawaida, yaani shingo, bega, kifua, tumbo, nyonga, urefu wa mkono na mzunguko wa kifundo, halafu anarudi nyuma hatua mbili na kumwangalia mtu akiwa amesimama bila kujikaza. Anachokiona hapo anakiandika kwa maneno: bega la kulia chini, mgongo umepinda kidogo, anavaa saa kubwa mkono wa kushoto. Saa hiyo ina maana, kwa sababu kafu ya mkono huo inahitaji nafasi zaidi ya mwenzake.

Baada ya hapo inakuja karatasi. Mwili wa mteja unachorwa vipande vipande juu ya karatasi ngumu: mbele, nyuma, yoki, mkono, kola, bendi ya kola, kafu. Kwenye shingo huongezwa sentimita 1 hadi 2 za kupumulia, na kifuani sentimita 10 au zaidi kulingana na mtu anavyopenda nguo imkae. Kisha linashonwa shati la majaribio kwa kitambaa cha bei ndogo, hata shuka kuukuu, bila mifuko wala matundu ya vifungo. Mteja analivaa, anainua mikono, anakaa, anainama kana kwamba anafunga viatu. Kila mkunjo una habari yake. Mikunjo inayotoka shingoni ikielekea kwapani inasema mteremko wa bega umekosewa. Kitambaa kilichojaa chini ya kola mgongoni kinasema yoki ni ndefu kwa mtu huyu. Fundi anabana kwa pini, anaandika, halafu anarudi kusahihisha karatasi. Asisahihishe shati akaiacha karatasi na kosa lake, kwa sababu shati litaondoka na mteja na karatasi ndiyo itakayobaki.

Nyumba za mashati za Jermyn Street, London, zilielewa jambo hili mapema. Turnbull & Asser, iliyoanzishwa mwaka 1885, kwa miaka mingi ilikuwa na desturi kwamba mteja mpya wa mashati ya kupimwa aagize yasiyopungua 6. Hayakushonwa yote kwa mpigo. Lilitangulia moja, mteja akalivaa na kulifua, kisha akarudi nalo ili karatasi yake irekebishwe. Hapo ndipo mengine yakakatwa. Wapo wanaoona katika sharti hilo majivuno ya duka la matajiri. Mimi naona hesabu iliyokaa sawa: gharama ya kumfahamu mteja imegawanywa kwa mashati 6, wakati fundi wetu anaibebesha shati moja.

Tuipige hesabu hiyo kwa shilingi za Tanzania, kwa namba za mfano. Shati linauzwa 60,000. Kitambaa, uzi, vifungo na gamstifu ya kukazia kola vimegharimu 20,000. Kodi ya fremu na umeme ni 160,000 kwa mwezi, na fundi akitoa mashati 20 kwa mwezi, kila shati linabeba 8,000. Zimebaki 32,000. Shati la pili la mteja, ambalo karatasi yake ipo, linashonwa kwa saa 8, kwa hiyo fundi amejilipa 4,000 kwa saa. La kwanza lina saa hizo 8 na nyingine 6 juu yake: saa 1 ya kupima na kuzungumza, 2 za kuchora, 2 za shati la majaribio, 1 ya kuvalisha na kusahihisha. Toa 4,000 za kitambaa cha majaribio, zinabaki 28,000. Gawanya kwa saa 14, unapata 2,000 kwa saa. Ni nusu kamili.

Na hapo bado tumempendelea. Fundi ambaye wateja wake wote ni wapya hawezi kutoa mashati 20. Kwa saa 160 za mwezi atamaliza 11 tu, na kodi ileile itagawanywa kwa 11, karibu 14,500 kwa kila shati. Malipo yake yanashuka hadi kwenye 1,500 kwa saa. Ndiyo maana unamkuta fundi mwenye jina zuri mtaani na foleni mlangoni, na bado hana akiba ya kununulia cherehani ya pili. Mwenzake wa mtaa wa tatu, ambaye hashoni vizuri kumshinda, ana msumari ukutani wenye karatasi 80 zilizotobolewa na kutiwa kamba, kila moja na jina na tarehe, na mteja akipiga simu kutoka Dodoma kuagiza mashati mawili meupe, anakata siku hiyohiyo bila kumwona.

Lakini karatasi haina thamani kama kitambaa kitaisaliti. Pamba hurudi ikifuliwa, mara nyingi kwa asilimia 3 hadi 5. Kwenye mkono wa sentimita 64, asilimia 4 ni zaidi ya sentimita 2 na nusu, na kafu itapanda juu ya kifundo. Dawa yake ni maji: kitambaa kilowekwe, kikauke kivulini, kipigwe pasi ndipo kikatwe. Kazi hii haimchoshi mtu, lakini inataka siku moja ya subira, na siku hiyo ndiyo mafundi wanaikwepa wakati mteja amesimama mlangoni. Vilevile gamstifu ya ndani ya kola ilowekwe ikiwa ni ya kushonea. Ile ya kubandika kwa pasi ina hatari yake: ikirudi kwa kiasi tofauti na kitambaa, au gundi yake ikiwa haikushika sawasawa, kola inatoka mapovu baada ya kufuliwa mara chache, na mapovu hayo hakuna pasi inayoyaondoa.

Kola ndipo mnunuzi anapohukumu shati zima, kwa sababu ndiyo inayokaa chini ya uso. Kipande cha juu na cha chini visikatwe sawa. Cha chini kipunguzwe milimita 2 au 3, ili vikishonwa pamoja mshono uvutwe ndani usionekane ukingoni, na ncha za kola zielekee chini zenyewe badala ya kupaa kama masikio. Kwenye ncha, kata ziada ya kitambaa kabla ya kugeuza, na ugeuze kwa kijiti, usitumie ncha ya mkasi. Hakikisha uzi wa mtande umelala sawa kwenye ncha zote mbili, la sivyo moja itajikunja kushoto na nyingine itasimama. Halafu piga bandi kola kwenye bendi kabla ya kushona. Dakika 10 za bandi ni nafuu kuliko nusu saa ya kufumua.

Kuhusu mishono mirefu ya ubavuni na mikononi, nitasema kwa kifupi: ikunjwe mara mbili na kushonwa mara mbili kwa sindano moja, nyuzi zote zifungiwe ndani. Overloki inafanya kazi haraka, ila ndani ya shati la shilingi 60,000 inalitia shati aibu. Mashine ya matundu ya vifungo ni ghali kwa karakana ndogo, na sioni kosa kupeleka mashati 10 kwa mwenye mashine akatoboa kwa malipo ya tundu. Lakini vifungo vishonwe kwa mkono, vikiachiwa shingo ndogo ya uzi iliyozungushwa, ili kifungo kikifungwa kisivute kitambaa.

Kitenge kina sheria zake. Upana wake ni karibu inchi 46, na maua yake makubwa hayaruhusu kupanga karatasi popote penye nafasi. Duara kubwa likigawanyika katikati ya kifua na nusu mbili zisikutane, jicho la kila mtu litatua hapo. Fundi anaanza na kipande cha mbele chenye matundu, anatafuta cha pili kinachoendeleza ua lilelile, kisha mfuko, na mgongo mwishoni. Upotevu wa kitambaa ni mkubwa, na mteja aambiwe mapema: yadi 6 zitoe mashati mawili ya mikono mirefu, asitarajie matatu.

Naumia kila ninapoandika juu ya vitambaa. Tanzania inalima pamba Simiyu, Shinyanga na Mwanza, na sehemu kubwa ya pamba hiyo husafirishwa nje kabla haijawa uzi. Poplini ambayo fundi wa Kariakoo anaiweka juu ya meza yake mara nyingi imetoka Asia. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China ili kulitatua jambo hilihili, na bado lipo. Mshonaji mdogo hawezi kulitatua peke yake, lakini gharama yake anailipa kila akinunua yadi.

Turudi kwenye meza yake. Baada ya karatasi, kinachozamisha biashara hizi ni foleni na kianzio. Mwenye uwezo wa mashati 5 kwa wiki, akiwa na oda 30 mkononi, oda ya 31 itaguswa baada ya wiki 6. Hesabu ni nyepesi kiasi hicho, na bado mteja anaambiwa aje Ijumaa. Anakuja Ijumaa, anaambiwa Jumatatu, na mafundi wazima wanaitwa waongo kwa kosa la kutogawanya namba mbili. Kianzio nacho huliwa. Mteja wa leo anatoa 30,000, zinanunulia kitambaa cha mteja wa wiki iliyopita ambaye kianzio chake kililipa kodi. Mnyororo huo unakwenda mpaka mwezi ambao hakuna mteja mpya, na siku hiyo fundi anazima simu. Kianzio kilipie vifaa vyote, vinunuliwe siku hiyohiyo, vitiwe kwenye mfuko wenye jina la mwenyewe. Fedha inayobaki kulipwa siku ya kuchukua ndiyo ya kodi na ya fundi.

Jambo la mwisho ni kukataa kazi. Pathé Ouédraogo, fundi mzaliwa wa Burkina Faso, alifika Côte d'Ivoire mwaka 1969 na baadaye akafungua karakana ndogo Treichville, Abidjan. Mashati yake ya rangi yalivaliwa na Nelson Mandela, na jina Pathé'O likajulikana Afrika nzima. Kilichompeleka huko ni vazi linalotambulika kwa mbali, lililorudiwa hadi mkono ukalijua. Fundi wetu anapokea shati asubuhi, gauni la harusi mchana, pazia jioni, na sare za shule Januari nzima. Kila aina inamtoa kwenye kile alichokijua na kumrudisha kwenye saa 14. Naelewa njaa inavyosukuma, lakini mwenye kutaka kuishi kwa mashati ashone mashati.

Nawe msomaji unayevaa, una sehemu yako. Kubali kuvaa shati la majaribio hata kama litakurudisha Kariakoo mara mbili. Lipa kianzio kinachotosha kitambaa. Muulize fundi kama karatasi yako imeandikwa jina na itabaki kwake. Na shati la Idi liagize kabla ya Ramadhani kuandama.