Mwalimu na Maamkio ya Nyumbani

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliagiza elimu ya awali itolewe kwa Kiswahili. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ikazitaka jamii zijivunie lugha zao za asili. Kazi ya kuzipatanisha ameachiwa mwalimu. Mwanachuo aliyelelewa Kalenga, Iringa, amezoea "kamwene". Akipelekwa Tukuyu, Mbeya, mtoto wa Kinyakyusa humwamkia "mugonile", kwa wingi wa heshima. Akilihesabu neno hilo kuwa kosa, atakuwa ameikemea adabu yenyewe. Utamaduni wa vyuoni aghalabu ni ngoma na mavazi ya sikukuu (na kelele si haba). Yafaa kila mwanachuo aandike kwanza maamkio ya kwao, nani huanza na nani hungoja, ndipo ajifunze ya wenziwe.