Picha za Msasani na Jicho la Mwenye Kuanza

Katika Kiswahili neno kuchora lina kazi nyingi. Fundi wa milango huchora nakshi katika mti kwa patasi. Mtoto huchora chini kwa kijiti. Na mwenye mwandiko mbaya huambiwa kwamba haandiki, bali achora tu. Neno sanamu nalo, katika vinywa vya wazee, lilikuwa jina la kila kitu chenye mfano wa kiumbe, kiwe cha mti, cha udongo, au cha karatasi; picha ni neno lililofika baadaye. Lakini mtu akitaka kuipima kazi iliyochorwa, aseme hapa pamekaa vema na hapa pamelegea, aona maneno yamempungukia. Katika mashairi tunavyo vina na mizani, tunayo bahari na kituo, na hata mtoto wa shule aweza kumwambia mtungaji kwamba shairi lake ni guni. Mbele ya picha hana neno ila "nzuri," au "yafanana kabisa". Akiisha kusema hayo hunyamaza.

Twaandika haya kama watu walioanza si zamani kutazama picha kwa makusudi, na kushika burashi baadaye kidogo. Walimu wengi wapewao kipindi cha kuchora wako katika hali hiyo hiyo, hawakufundishwa, na wanawajibika kutoa alama. Kwa hiyo huenda maoni ya mwenye kuanza yakawafaa kuliko ya bingwa, maana bingwa amekwisha kusahau ni kitu gani kilichomzuia kuona hapo kwanza.

Picha tuzisemazo ni zile ziitwazo za Tingatinga, zifanywazo na kuuzwa Msasani, karibu na maduka ya Morogoro Stores, katika wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam. (Vijana wakilisikia jina hilo hufikiri habari za mtambo wa kulimia au wa kusawazisha barabara, hapa ni jina la mtu.) Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta kazi, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini siku zile. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na kitambaa cha wachoraji wala rangi zao. Alichukua vipande vya ubao mwembamba wa kupigilia darini, vingi vikiwa na pande nne sawa, yapata sentimita 60 kila upande, akavichora kwa rangi ya mafuta ing'aayo, ile iuzwayo madukani kwa kupaka baiskeli. Mkewe, Agatha, alizipanga picha hizo nje ya maduka, akiwauzia hasa wageni waliokaa Oyster Bay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania kuwa mwizi akimbiaye, akafa. Hivyo muda wote wa uchoraji wake ulikuwa kama miaka minne tu. Jamaa zake na vijana aliowafundisha, miongoni mwao Ajaba Abdallah, Simon Mpata, na January Linda, waliishika kazi hiyo, na mwaka 1990 wachoraji wa Msasani wakafanya ushirika wao.

Wako wasemao kwamba asili ya picha hizi ni michoro ya udongo na makaa iliyokuwa katika kuta za nyumba za kusini, wengine hukana. Sisi hatuoni kwamba jambo hilo lamsaidia mtu asimamaye mbele ya ubao.

Mtu wa kalamu afikapo mbele ya ubao huo huuliza kwanza, "Yasema nini?" Wala si ajabu. Macho yetu yamelelewa na vitu visemavyo. Kanga ina pindo, na mji, na jina. Na wanawake wanunuapo hulisoma jina kabla ya kuitazama rangi, kwa kuwa jina ndilo litakalompata jirani. Katika mitaa ya Temeke na Kinondoni vibao vya vinyozi huchorwa kichwa cha kijana mwenye nywele zilizokatwa vema, na kando yake maneno. Ukiyafuta maneno, kichwa kile chabaki kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mabasi nayo yaandikwa methali na majisifu nyuma. Basi tumezoea picha ifuatayo neno kama mtoto afuatavyo mamaye. Lakini chui wa Msasani hana neno lo lote ila sahihi ya mchoraji pembeni. Hana kisa, wala hafundishi. Yuko pale katika rangi yake, ametukodolea macho.

Twaona kwamba swali hilo la "yasema nini," likiulizwa kwanza, hulifunga jicho. Mwulizaji asipopata jibu hujitungia: chui ni ukali, twiga ni kiburi, ndege wawili ni mtu na mkewe, akiisha kupata fumbo lake, huondoka asijue kama chui yule alikuwa na mkia. Tulijaribu njia nyingine, ya kitoto: kueleza kwa sauti kilichopo ubaoni, kuanzia pembe hata pembe, bila kutaja maana. Nyuma ni rangi ya manjano iendayo ikififia kuwa nyeupe karibu na chini. Mwili wa mnyama umegeuka ubavu, lakini uso watutazama sisi. Mgongo wakaribia kuugusa ukingo wa juu. Mkia umekunjwa urudi ndani, maana pasingekuwa na mahali pa kuunyosha. Ulipofika mkia ndipo tulipoanza kuona. Mchoraji huyu hakukata mnyama wake kwa ukingo, kama kamera ikatavyo. Alimkunja akae katika mraba, kama mtu alalaye katika kitanda kifupi. Na kukunjwa huko ndiko kunakomtia yule chui nguvu ya kutaka kuruka.

Lawama ya kwanza tuisikiayo kwa wenzetu ni kwamba picha hizi hazina kivuli, wala kitu cha mbali hakionekani kidogo kuliko cha karibu. Basi, wasema, hizi ni kazi za watu wasiojua kuchora. Kwa lawama hiyo twamleta Sam Ntiro. Huyu alizaliwa mwaka 1923 katika nchi ya Wachaga, akasoma uchoraji Makerere kwa Bibi Margaret Trowell, na katika miaka ya 1950 akasoma tena London, katika shule ya Slade, ambako mambo ya kivuli na umbali yafundishwa barabara. Naye baadaye alichora nini? Alichora watu wa kijijini katika kazi zao, wakivuna, wakikata kuni, wakichukua pombe ya ndizi kumpelekea bibi arusi usiku (picha hiyo ya mwaka 1956 imo katika jumba la sanaa za kisasa la New York). Na watu wake wamesimama mmoja juu ya mwenziwe katika mteremko wa kijani, bila ya kujali kanuni zile za umbali. Mtu aliyezijua kanuni akaziacha, na mtu ambaye hakupata kufundishwa, wamekutana njiani. Basi kukosekana kwa kivuli si dalili ya ujinga. Mwalimu ampunguziaye mtoto alama kwa kuwa nyumba yake yaonekana pande tatu kwa mara moja, na kumsifu yule aliyefuatisha kwa karatasi nyembamba picha ya kitabuni, apima uhodari wa kufuatisha, wala si uchoraji.

Lawama ya pili ina uzito zaidi: kwamba picha za Msasani zote ni moja. Ni kweli kwamba ukipita pale wakuta twiga ishirini walio ndugu, na tembo walio kama wa kiwanda kimoja. Mwenye kuanza huchoka upesi, akasema huu si usanii bali ni uchapaji. Lakini tujiulize sisi tusomao tenzi. Ubeti wa utenzi una mistari minne, mizani minane kila mstari, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne huwa na kina kirudicho katika kila ubeti hata mwisho. Watungaji wangapi wameipita njia hiyo? Hakuna amlaumuye mtu kwa kuwa alitumia mizani iliyotumiwa na babu yake. Twamlaumu akijaza mizani kwa maneno yasiyo na kazi. Bahari ni ya wote, na ufundi ni wa mtu. Kwa hiyo twaona faida ya kuzitazama mbao kumi zifananazo pamoja, kuliko kutafuta moja iliyo ngeni. Twiga mmoja peke yake hatufundishi kitu. Wakiwa kumi, mara moja jicho laona kwamba wa tatu ana shingo iliyoota mabegani, na wa saba shingo yake imebandikwa. Kwamba nafasi iliyo kati ya miguu ya huyu ina umbo lake zuri, na kati ya miguu ya yule ni mabaki tu.

Habari ya nafasi kati ya miguu hatukuipata kwa kutazama peke yake. Tuliipata kwa kushika burashi. Tulinunua makopo matatu ya rangi na kipande cha ubao, tukachagua kumchora kanga, yule ndege, kwa sababu husemwa kwamba vazi la kanga lilipata jina lake kwa madoa yake, na tena kwa kuwa umbo lake la mviringo lamwonea huruma mwanafunzi. Rangi ya nyuma hupakwa kwanza ubao mzima, ikaachwa ikauke kabisa. Hapo subira hujaribiwa, maana katika unyevu wa pwani, na hasa siku za masika, yaweza kuchukua muda mrefu kuliko mtu apendavyo. Ndiyo sababu wachoraji hutengeneza mbao nyingi kwa wakati mmoja, hizi zikikauka wakifanya zile. Tulikuwa tukidhani wingi huo ni tamaa ya biashara tu. Kumbe rangi yenyewe ndiyo iamuruyo.

Tena rangi hii ni nzito, hutiririka, wala haifutiki kama chaki. Mstari ukianza ni mnene, ukiendelea ni mwembamba kwa kuwa burashi yaishiwa; basi mchoraji hana budi kujua kabla hajagusa ubao ni wapi ataanzia mguu na wapi ataumalizia. Mguu wa ndege ukianzia mwilini hushuka ukikonda, nao wasimama; ukianzia chini, ndege aonekana kama amechomekwa juu ya fito. Ndipo tulipofahamu ya kuwa kwa kuchora miguu miwili tumechora pia kitu cha tatu ambacho hatukukikusudia, nacho ni kipande kile cha rangi ya nyuma kilichobaki katikati. Mkono usiozoea hukiacha kama kilivyo. Mkono wa Msasani hukifanyia kazi kama mguu wenyewe.

Halafu yaja madoa. Kila ageuaye kichwa mbele ya picha hizi hukumbuka madoa yake, na watu hudhani ndiyo sehemu rahisi. Doa moja ni rahisi, ni kugusa na kuinua. Madoa mia mbili ni jambo jingine. Yakipangwa sawasawa kama mistari ya daftari, mwili wa ndege walala bapa. Yakifuata mzunguko wa kifua, yakawa madogo na ya karibu karibu penye tumbo, mwili wajaa, ingawa hapana kivuli hata kidogo. Basi wale wasemao kwamba picha hizi hazina kivuli wangetazama madoa, maana mara nyingi hufanya kazi ambayo kivuli kingeifanya.

Baada ya hayo twaweza kulaumu, maana yako ya kulaumiwa. Tingatinga mwenyewe, katika mbao zake tulizopata kuona mifano yake, aghalabu alichora mnyama mmoja, au ndege wachache na mti, juu ya rangi tulivu. Waliomfuata, wakisukumwa na wanunuzi watakao kuona Afrika yote kwa shilingi zao, wamejaza ubao: mlima wa Kilimanjaro nyuma, mbuyu kando, twiga, pundamilia, na tembo mbele, na ndege katika kila nafasi iliyosalia. Hapo madoa hayafanyi kazi ya mwili tena. Yametapakaa juu ya kila kitu kama vito vya mtu aliyepata mali ghafula, na mara nyingine huficha umbo lililokosewa chini yake. Ni kosa lile lile la mtungaji ajazaye ubeti kwa "kweli" na "hakika" ili mizani itimie. Wala hatusemi kwamba mchoraji hana haki ya kula kwa kazi yake. Twasema kwamba mnunuzi naye ana sehemu katika kosa, na walimu wapelekao watoto kutazama wasiwaonyeshe ubao ule uliojaa kwanza.

Lakini si kila ubao uliojaa ni mbaya. Wako wachoraji pale wachorao soko, au hospitali siku ya wagonjwa wengi, au kijiji chenye ngoma, na watu wao wamebanana kutoka ukingo hata ukingo, kila mmoja na shughuli yake: huyu abeba ndizi, yule apimwa homa, mtoto avuta nguo ya mamaye. Katika picha kama hizo tulitafuta mtu mmoja wa kuondoa, kama tuondoavyo neno la bure katika shairi, tusimpate. Hapo msongamano ndio habari yenyewe, na hakuna aliyechorwa ili kuziba nafasi.