Konzi Mbili za Chumvi

Bibi hakupima joto la maji kwa kidole. Kidole, alisema, kimezoea moto. Kimegeuza mikate na kushika masufuria maisha yake yote, hakiwezi tena kutoa ushahidi. Aliliinamia beseni mpaka mvuke ukamgusa usoni, akatulia hapo kidogo, macho kayafumba, kisha akakunja mkono wa gauni na kutumbukiza kiwiko. Akakitoa. Akaongeza kata moja ya maji baridi, akakitumbukiza tena. Ndipo akasema, "Mwiteni mzazi."

Hiyo ilikuwa Baleni, kisiwani Mafia, siku ya nne tangu binamu yangu ajifungue mtoto wa kike katika hospitali ya wilaya kule Kilindoni. Mimi nilikuwa nimetoka Dar es Salaam, nikavuka kwa boti ya Nyamisati, nikapanda bodaboda katikati ya minazi, na ndani ya begi nilikuwa na zawadi niliyojivunia: pakiti ya chumvi ya kuogea, rangi ya waridi, yenye harufu ya maua nisiyoyajua, niliyoinunua kwa fedha ambayo bibi angenunulia mchele wa wiki nzima. Nikamkabidhi. Akaigeuza, akainusa, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo bibi zetu wanavyotuita wajukuu wa kike, "hii oga wewe. Mzazi ana yake."

Ya mzazi ilikuwa jikoni, imening'inizwa kwa kamba ya kumbi chini ya makuti, ndani ya kifuu kikubwa. Kifuu cha nazi kina macho matatu, na moja kati ya hayo ni laini. Hilo ndilo lililotobolewa. Ndani yake mlikuwa na chumvi ya mawe, ya kijivu kidogo, punje zake kubwa kama mahindi, na chini palikuwa na kikombe cha bati kinachokinga matone. Tangu nikiwa mtoto nimekiona kifuu hicho na kikombe hicho. Likizo za shule tulipolala nyumba ile, usiku mvua ikiwa imekaribia, nililisikia tone likianguka, kimya kirefu, kisha tone jingine. Nilimwamsha mama nikidhani paa linavuja. Mama akasema, "Lala, ni chumvi inalia."

Chumvi isiyosafishwa hulia, na anayeishi na upepo wa bahari anajua. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, lakini chumvi hizo si za aina moja. Katika mashamba ya chumvi ya Lindi, Mtwara au Bagamoyo, jua likishayapunguza maji, chumvi tunayotia mchuzini huganda mapema. Magnesiamu hukawia, hubaki katika maji ya mwisho, mazito na machungu, na sehemu yake huganda juu ya punje kama utando. Utando huo ndio unaovuta unyevu hewani mpaka chumvi ikatona. Chumvi ya pakiti tunayonunua leo imeoshwa, imekaushwa, imetiwa madini joto, na hilo la madini joto ni jema kabisa. Limewaepusha wengi na rovu. Ila hiyo hailii. Inakaa tu.

Bibi hakulijua neno magnesiamu. Alijua kwamba matone yale ni machungu na kwamba hayamwagwi. Wazee wa pwani walimjua pia ndugu yake wa dukani, chumvi ya haluli, iliyonywewa kwa kusafisha tumbo. Chumvi hiyo hiyo sasa inauzwa katika mifuko ya kupendeza kwa jina la Epsom, mji wa Uingereza uliosifika kwa maji yake machungu tangu karne ya 17, na maelezo mgongoni mwa mfuko yanasema uoge nayo dakika ishirini, uchovu utoke. Ushahidi kwamba magnesiamu hupenya ngozi kwa kiasi cha maana ni hafifu. Sina ugomvi na hilo, kwa sababu nilichokiona Baleni hakikuwa ndani ya chumvi peke yake.

Alichota konzi mbili kutoka kwenye kifuu, akazitia majini. Akakiinua kikombe cha bati na kuyamimina matone yote. Akakoroga kwa kata, akaonja kwenye ncha ya ulimi. Nilimuuliza anatafuta nini. "Yawe kama machozi," alisema. "Yasiwe kama bahari." Niliporudi mjini nilitafuta vipimo, nikaona machozi ya binadamu yanakaribiana kwa chumvi na dripu ya hospitali, gramu 9 kwa lita, kama robo tu ya bahari. Nilikaa na vipimo hivyo muda mrefu. Mwanamke asiyewahi kushika mizani ya dawa alikuwa akifika karibu na hapo kwa ulimi, asubuhi na jioni, kwa kila mzazi wa mtaa wake.

Lugha yetu haikutenga neno maalumu kwa kazi hii. Unga hukandwa, udongo wa kupigia nyumba hukandwa, na mzazi hukandwa. Ukiitazama kazi yenyewe unaelewa kwa nini. Bibi alikuwa na vitambaa vitatu, vyote vilikatwa kwenye khanga moja iliyofuliwa mpaka jina lake likafutika, herufi mbili tatu tu zikibaki kwenye pindo. Kitambaa kimoja kilikuwa mwilini, cha pili majini, cha tatu mkononi kikikamuliwa, na havikupishana hata mara moja. Hakuanzia tumboni kama nilivyotarajia. Alianzia kiunoni, akakandamiza kwa kiganja kizima, uzito wa mwili wake wote ukishuka taratibu, akahesabu kimoyomoyo, akaachia. Nyonga ya kulia, nyonga ya kushoto. Mapaja. Mabega, ambayo nadhani mimi ningeyasahau, kumbe mama anayejifunza kunyonyesha anaumwa sana mabega. Tumbo lilikuwa la mwisho, na hapo mkono ulipungua nguvu hata nikadhani amechoka.

Wakati wote huo alikuwa akiuliza. Umelala? Maziwa yameshuka? Damu rangi gani leo? Mumeo amepiga simu? Hayakuwa maswali ya mahojiano. Yalikuja pamoja na kitambaa, moja moja, na hakumtazama binamu yangu usoni alipouliza. Kwenye swali la usingizi jibu lilichelewa. Kitambaa kikakaa mgongoni mahali pale pale, kikapoa, bibi hakukibadilisha. Kisha binamu yangu akalia, kilio kirefu kisicho na sababu ya kutajika, na bibi akaendelea kuushika mgongo wake kwa mikono miwili mpaka kilipokwisha. Akachovya kitambaa kipya. "Naam," akasema. "Sasa tumbo."

Baadaye akamfunga mkaja. Hapo kuna historia ambayo vijana wetu wanaikanyaga bila kuiona. Mkaja ni nguo ya kufungia tumbo la mzazi, na ndiyo iliyolipa jina lile fungu la mahari analopewa mama wa bibi harusi. Mabwana wanapokaa mkekani kutaja kilemba cha baba na mkaja wa mama, wanalipia arobaini ya mama huyo: siku alizofungwa, maji aliyokandwa, uji wa pilipili manga aliopikiwa. Siku hizi fungu hilo hutajwa haraka haraka, noti zinahesabiwa, na nimehudhuria posa ambazo hapakuwa na kijana hata mmoja aliyejua mkaja ni kitu gani.

Watu wa pwani hawakuwahi kuona kukoga kuwa jambo la uchafu na usafi tu. Makunduchi, Unguja, mpaka leo mwaka unakogwa kila Julai, na jina lenyewe linasema kwamba mwaka huingiwa kwa maji. Kule Kidichi, Seyyid Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shahrzad, binti wa Kiajemi, ili akitoka kutembelea mashamba apate maji ya moto. Mwanawe Barghash akajenga ya mjini, Hamamni, iliyoupa mtaa jina. Zote mbili zimekauka. Wageni wanaonyeshwa kuta. Ninazitaja kwa sababu ndizo zinazoingia vitabuni. Beseni la bati la Baleni halina mwaka wa kujengwa, na limekanda watu wengi kuliko nijuavyo kuhesabu.

Wauguzi wanatuonya juu ya kukanda, nao wana haki. Rafiki yangu mmoja mjini alikandwa na jirani aliyelipwa kwa kazi hiyo, maji yakiwa yametoka jikoni moja kwa moja, na mpaka leo ana baka tumboni lenye umbo la kiganja. Mwingine alijifungua kwa upasuaji, akakandwa juu ya mshono. Tukisikia habari hizo tunasema mila inaua. Mimi nasema aliyewakanda hakufundishwa. Bibi, mzazi akiwa na kidonda cha kisu, hakuligusa tumbo; alikanda miguu na mgongo, basi. Na mwenye nyuzi za chini alimkalisha kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, jambo ambalo wauguzi wengi nao hulishauri. Alijua mahali pa kutogusa. Hilo ndilo lililomchukua miaka mingi, akiwa mshika kata wa mama yake, kabla hajaruhusiwa kushika kitambaa.

Siku hizi hakuna anayekubali kuwa mshika kata. Binti anataka aelezwe mara moja, kama anavyoelezwa kwenye simu, vijiko vingapi na dakika ngapi. Na mzazi mwenyewe hana arobaini; likizo inahesabiwa, biashara inamngoja, mama mkwe yuko mkoa mwingine. Jioni anajifungia bafuni peke yake na chumvi yake ya waridi, simu pembeni, na hakuna anayemuuliza amelala vipi. Tumechukua chumvi tukamwacha mkandaji. Nami nimo. Nilikaa Baleni siku sita, nikashika kata siku sita, nikaona nimejifunza, nikaondoka kuwahi kazi.

Bibi alifariki mwaka uliofuata, msimu wa kusi. Vitu vyake vilipogawanywa wenzangu walichukua sanduku na vitanda, nami nikaomba kifuu. Nikakipakata botini mpaka Nyamisati. Kinaning'inia jikoni kwangu, ghorofa ya tatu, mahali ambapo hakuna makuti wala moshi, na masika ya kwanza nilidhani hakitalia. Kililia usiku wa pili wa mvua. Niliamka nikasimama gizani nikiyasikiliza matone yakigonga kikombe cha bati, kisha nikachovya kidole na kuonja. Ni chungu kuliko nilivyokumbuka.

Wiki iliyopita binamu yangu alipiga simu. Ana mimba ya pili, amebakiza miezi miwili, na kule Baleni mkunga aliyekuwa akifuatana na bibi sasa haoni vizuri. Aliniuliza maji yawe na moto kiasi gani. Nikamwambia avukize uso kwanza, halafu kiwiko. Akaniuliza chumvi kiasi gani. Nikamwambia konzi mbili.

"Konzi za mkono wake," aliuliza, "au za mkono wako?"

Nikautazama mkono wangu. Bibi alikuwa na mikono midogo.