Kucheleweshwa kwa Ndoa: Vijana na Ukomavu katika Komedia za Shakespeare

Wasomaji wengi wa Kiswahili walikutana na Shakespeare wa komedia kwa njia ya Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Anwani hiyo huelekeza jicho kwenye fedha na deni, na kila mwanafunzi humkumbuka Shylock na ratili yake ya nyama. Ni wachache wanaokumbuka kwamba tamthilia haikomi mahakamani. Sehemu ya tano inahusu pete. Bassanio aliapa kutoivua pete ya Portia, kisha akaitoa kwa wakili aliyemwokoa rafiki yake, asijue kwamba wakili huyo alikuwa Portia mwenyewe. Ameoa, ila hajawa mume bado. Sharti kwanza aone aibu mbele ya mkewe.

Mpango huu hurudi katika komedia nyingine. Kijana hupenda upesi, na mwanamke humchelewesha. Ukomavu, ukija, huja katika muda huo wa kucheleweshwa.

Mfano ulio bora ni As You Like It. Orlando humpenda Rosalind siku moja tu, kwenye mieleka, na huko msitu wa Arden hutundika mitini mashairi ambayo hata mchekeshaji Touchstone huyadhihaki. Rosalind, aliyevaa kiume na kujiita Ganymede, anajitolea kumponya maradhi hayo: Orlando amwite kwa jina la mpenzi wake, aje kila siku kumbembeleza. Akichelewa, hukaripiwa. Akisema atakufa kwa mapenzi, huambiwa kwamba wanaume hufa kwa sababu nyingine. Lakini somo halitolewi kwa maneno peke yake. Orlando anamkuta kaka yake Oliver, aliyekusudia kumwua, amelala karibu na simba jike mwenye njaa. Mara mbili anageuka aende zake, kisha anapigana na kumwokoa. Rosalind anapoonyeshwa kitambaa chenye damu anazimia, na hapo mwalimu naye anaonekana kuwa mwanafunzi. Baada ya hayo Orlando anakiri kwamba hawezi tena kuishi kwa kuwazawaza tu. Mchezo umemchosha, na kuchoka huko ndiko kukua kwake.

Si kila kijana anayekua. Katika Much Ado About Nothing, Claudio anauliza mapema kama baba yake Hero ana mtoto wa kiume, yaani nani atarithi. Anapodanganywa kuhusu mwenendo wa mchumba wake, hamwulizi faraghani, bali anangoja siku ya arusi amwaibishe kanisani. Yawezekana kumtetea kwa kusema kwamba alitubu kaburini na kukubali kumwoa mwanamke asiyemwona uso. Utetezi huo ni dhaifu, maana yote hayo aliamriwa na baba yake Hero. Anayeamua mwenyewe ni Benedick: hakuona ushahidi wowote, ila aliliamini neno la Beatrice na kumtaka rafiki yake wapigane. Tamthilia inawapa wote wawili wake na ngoma ileile, na msomaji makini ana haki ya kununa kidogo.

Love's Labour's Lost, iliyochapishwa mwaka 1598, haifanyi huruma hiyo. Mfalme wa Navarre na wenzake watatu waliapa kusoma miaka mitatu bila wanawake, wakavunja kiapo mara tu binti wa mfalme wa Ufaransa alipofika na wenzake. Kisha Marcade analeta habari ya kifo cha mfalme wa Ufaransa, na utani unakatika. Wanawake hawakatai; wanaagiza mwaka mmoja. Mfalme akae mahali pa upweke; Berowne, bingwa wa dhihaka, akawachekeshe wagonjwa mahututi. Waume waliokwisha kuvunja kiapo kimoja wanapewa kingine, nao wanakubali. Berowne analalamika kwamba mwaka ni mrefu mno kwa mchezo wa jukwaani. Wanawake wanaondoka, na hakuna ndoa inayofungwa.