Je, Kazimoto Hana Hatia? Maumbile na Hiari katika Kichwamaji

Tulipoisoma Kichwamaji kama kitabu cha ziada, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne aliandika kwamba Kazimoto hana hatia yoyote, kwani mazingira ndiyo yaliyomfanya alivyo. Nikampa alama zake. Baadaye nilijiuliza kama nilikuwa nimemfunza kijana huyo kuhakiki au kujitetea.

Riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa mwaka wa 1974. Aghalabu huwekwa katika kapu la udhanaishi, nasi walimu tukaridhika: maisha hayana maana, Kazimoto anakata tamaa, anajiua, basi. Jibu hilo ni rahisi mno. Sartre, mwanaudhanaishi mwenyewe, alishikilia kwamba mwanadamu yu huru kiasi cha kutoweza kuyasingizia maumbile wala malezi. Camus naye, katika insha yake ya mwaka wa 1942 kuhusu Sisyphus, alilizingatia suala la kujiua na akalikataa kama jibu la upuuzi wa maisha. Kwa hivyo Kazimoto si mfuasi mwema wa yeyote kati yao.

Hebu tutazame msuko wenyewe. Manase, mkuu wa wilaya, alimpa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia akafa. Kazimoto anapania kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina, dada yake Manase, mwishowe anamwoa. Nyumbani kwa Manase anamwona mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Baadaye, kwa ajili ya ugonjwa wa zinaa, mtoto wa namna iyo hiyo anazaliwa kwake, wala haishi. Kazimoto anajipiga risasi.

Katika tanzia za kale mhusika huangushwa na miungu au laana. Hapa anayemwangusha ni kiini cha ugonjwa kisichoonekana kwa macho, ambacho hakijui mema wala maovu. (Mwalimu, tahadhari darasani: nje ya riwaya hii maradhi ya kichwa kujaa maji yana sababu nyingi, na mzazi wa mtoto kama huyo hafai kunyooshewa kidole.) Hata hivyo, ugonjwa huo haukutembea kwa miguu yake. Ulibebwa kutoka mlango hadi mlango na watu waliojua walichokuwa wakikitenda, na wawili kati yao wamesoma. Maumbile yanaeleza jinsi mtoto alivyougua. Hayaelezi ni kwa nini Kazimoto aliingia kila mlango alioingia.

Kuna hoja nyingine humo, kwamba mwanadamu ni mnyama tu, hana tofauti na wenzake wa porini. Hoja hii huwavutia sana vijana. Lakini ni mnyama gani anayeweza kukumbuka kifo cha dada yake, akahesabu dada wa adui ni yupi, akangoja wakati ufaao? Kisasi kinahitaji kumbukumbu, mpango na dhana ya haki, hata kama ni haki iliyopotoka. Mpango wenyewe wa Kazimoto unaiangusha falsafa yake. Akili yake ni sehemu ya maumbile, ndiyo, lakini ni sehemu inayoweza kujiuliza kama inatenda vyema.

Tusisahau pia kwamba sehemu kubwa ya kisa tunasimuliwa na Kazimoto mwenyewe. Tunamsikia mshtakiwa akijieleza kwa ufasaha wa chuo kikuu, na ufasaha huo hutupumbaza. Watu husema fulani ni kichwa maji wakimaanisha hana busara. Naona anwani ya riwaya inamlenga baba kabla ya kumfikia mtoto.

Udhaifu ninaouona ni kuhusu Sabina. Anabeba mimba, anazaa mtoto asiyeishi, anaachwa mjane, na sauti yake haisikiki vya kutosha. Sijui kama Kezilahabi alikusudia hivyo ili tuone jinsi uhuru wa mwanamume mmoja unavyomfunga mtu mwingine, au kama naye alishikwa na macho ya msimulizi wake.

Mwaka uliofuata nililibadilisha swali. Badala ya kuuliza kama Kazimoto alikuwa huru, niliuliza kama Sabina angeukubali utetezi wa kwamba mazingira ndiyo yaliyomfanya mumewe. Darasa lilikaa kimya kidogo. Kisha wasichana wa nyuma wakaanza kuinua mikono.