Usawa Si Mizani: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Aljebra za von Neumann kwa Kurejelea Dzaleka na Lilongwe

Ikisiri

Makala haya yanahakiki tafsiri ya "hali ya usawa" katika nadharia ya aljebra za opereta. Yanadai kwamba neno usawa hutaja kisa kimoja tu cha dhana inayokusudiwa, na kwa hiyo humficha msomaji sehemu kubwa ya nadharia yenyewe. Istilahi ya "hali ya mizani" inapendekezwa. Athari za uteuzi huo zinajadiliwa kwa kuangalia wanafunzi wa Dzaleka na lugha ya sera mjini Lilongwe.

1.0 Utangulizi

Mwezi Agosti 2019, mkutano wa wakuu wa nchi za SADC uliofanyika Dar es Salaam ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Nchini Malawi uamuzi huo ulikikuta Kiswahili kina makao tayari. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wanaoishi humo huelewana kwa Kiswahili. Mwanafunzi aliyeanza hisabati kwa Kifaransa huko Kongo huendelea nayo kwa Kiingereza cha mtaala wa Malawi, na anapotaka kumweleza mwenzake hatua iliyomshinda, hutumia Kiswahili. Tangu mwaka 2010, mpango wa Wajesuiti umetoa masomo ya ngazi ya chuo kambini humo kwa njia ya mtandao. Katika mazingira hayo istilahi ya hisabati ya juu si pambo: ndiyo njia ya fikra kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

2.0 Neno "hali"

Nusu ya kwanza ya istilahi haina tatizo. Katika aljebra za opereta, hali ni kanuni inayokipa kila kipimo kinachoweza kufanywa wastani wa jibu lake. Wastani wa kipimo chanya hauwi hasi, na kipimo cha moja hupewa moja. Mswahili anayeuliza "U hali gani?" anasubiri jibu, na hali ya kihisabati ni mkusanyo wa majibu yote ya mfumo. Neno limekaa mahali pake.

3.0 Kosa la "usawa"

Tatizo liko katika nusu ya pili. Chukua mfumo mdogo wenye ngazi mbili za nishati. Katika halijoto fulani, ngazi ya chini hupata fungu la 3/4 na ya juu 1/4. Hiyo ndiyo hali pekee ambayo mfumo unakuwa nayo ukipatana na halijoto hiyo, lakini mafungu yake hayalingani. Hulingana pale tu halijoto inapopanda bila kikomo. Kwa hiyo anayeambiwa "hali ya usawa" anapewa jina la kisa cha pembeni, naye hulichukua kuwa jina la dhana nzima.

Madhara huongezeka mfumo unapokuwa mkubwa bila kikomo. Ukiunganisha nakala zisizo na idadi za mfumo ule, kila moja ikiwa na mafungu 1/2 na 1/2, hupatikana aljebra ya von Neumann ambamo jumla ya ulalo, ile inayojulikana katika matriksi, bado ina maana, na kila projeksheni ina ukubwa unaohesabika. Ukiunganisha nakala zenye 3/4 na 1/4, hupatikana faktori ya aina ya tatu, miongoni mwa zile ambazo Robert Powers alizichunguza mwaka 1967. Humo jumla ya ulalo haipo tena, na hakuna projeksheni, isipokuwa sifuri, yenye ukubwa wenye kikomo. Uwiano wa 1/3 kati ya mafungu mawili ndio unaoitambulisha faktori hiyo na kuitofautisha na nyingine. Neno usawa, kwa maana yake yenyewe, linaufuta uwiano huo.

4.0 Kosa la "utulivu"

Wapo watakaopendelea "hali tulivu". Nalo halitoshi. Mfumo wenye ngazi tatu za nishati zilizoachana kwa kiasi kimoja, wenye mafungu 5/10, 1/10 na 4/10, haubadiliki kadiri wakati unavyopita. Hata hivyo hakuna halijoto inayoweza kuueleza: kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili fungu limeshuka mara tano, na kutoka ya pili hadi ya tatu limepanda mara nne. Kutobadilika ni sharti la lazima lakini si la kutosha.

Sharti linalotosha ni lile la KMS, linalobeba herufi za Kubo (1957) na Martin na Schwinger (1959). Mwaka 1967 Haag, Hugenholtz na Winnink walilifanya kuwa fasili kwa mifumo isiyo na kikomo. Linasema kwamba vipimo viwili vinaweza kubadilishana nafasi katika kuzidishana, mradi kimoja kisogezwe katika wakati wa kufikirika kwa kiasi kinachoamuliwa na halijoto. Hali na mwendo hufungwa pamoja. Tomita na Takesaki walionyesha upande wa pili: kila hali ya kawaida ya aljebra ya von Neumann, isiyokipa sifuri kipimo chochote chanya, ina mwendo mmoja tu ambao kwao inatimiza sharti hilo. Kwa hiyo swali la "mizani kwa mwendo upi?" ni sehemu ya fasili.

Hapa ndipo neno mizani linapofaa. Mizani ya mkono usiolingana hukaa sawasawa ikiwa na jiwe dogo upande mmoja na gunia upande wa pili, kwa sababu kuna uwiano unaotawala. Ni kweli kwamba katika arudhi mizani ni idadi ya silabi za mshororo, lakini muktadha huzitenga maana hizo mbili bila taabu.

5.0 Lugha ya sera

Istilahi haibaki darasani. Maneno usawa na utulivu huingia kwa wepesi katika maandishi kuhusu wakimbizi na wenyeji, yakibeba heshima ya sayansi. Dzaleka, iliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 14,000, sasa ina zaidi ya 50,000. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo mwaka 1987 ikiweka pingamizi kuhusu ajira, elimu ya umma na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi, wakiwemo wafanyabiashara wa Lilongwe, warejee Dzaleka. Mahali ambapo mwendo umezuiwa kwa amri, kudumu kwa miaka 30 hakuthibitishi mizani yoyote.

Hisabati, bila shaka, haithibitishi lolote kuhusu watu. Faktori si kambi. Kazi yake hapa ni ndogo zaidi na ya hakika zaidi: inamnyima mwandishi wa sera ruhusa ya kuiita "usawa" hali ambayo haijabadilika tu, au kutaja mizani bila kutaja mwendo.

6.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba "hali ya mizani" itumike kwa dhana yenye sharti la KMS, "hali isiyobadilika" kwa ile inayodumu tu, na "usawa" ubaki kwa mafungu yanayolingana kweli. Mafunzo ya Kiswahili yanapopangwa nchini Malawi, washauri wa elimu walio Lilongwe wana sababu ya kuzijaribu istilahi hizi kwanza Dzaleka, mbele ya wanafunzi ambao tayari wanabishana kuhusu hisabati kwa Kiswahili. Wao ndio watakaosema mapema kama neno linabeba mzigo wake.